Tusinunue gari kwa kusoma herufi ya namba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua ili nami nitoe dukuduku langu kuhusu jinsi sisi wananchi, hasa wafanyakazi wa vijijini, tunavyonunua magari yaliyokwisha kutumika. Nasema "sisi" kwa sababu mimi mwenyewe nimepata hasara, na hasara hiyo bado nailipa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Olmotonyi, chini ya msitu wa Mlima Meru. Mwaka juzi mwalimu mwenzetu alishikwa na uchungu usiku wa mvua. Gari halikupatikana. Akateremshwa kwa pikipiki mpaka Ngaramtoni, mume wake akimshikilia kwa nyuma. Alijifungua salama, lakini baada ya usiku ule walimu watano tulikubaliana kuchanga tununue gari moja la pamoja. Tulichanga kwa miezi 14. Zilipotimia shilingi milioni 8 nikateuliwa mimi kwenda Arusha mjini kutafuta, kwa kuwa nafundisha hesabu na sinywi pombe.

Nilionyeshwa Toyota Noah yenye namba D. Bodi inang'aa, viti vimefunikwa vitambaa vipya, redio inaimba. Mwuzaji alirudia neno moja tu: "Mwalimu, hii ni namba D." Nami nikaona aibu kuuliza mengi. Kwetu, kumkagua mtu mbele ya mali yake ni kama kumwambia kuwa ni mwizi. Nikatoa advansi ya milioni 2, nikaandikiwa kwenye karatasi ya daftari, nikarudi Olmotonyi nimefurahi.

Jambo la kushangaza ni kwamba namba D haikusema lolote juu ya umri wa gari lile. Herufi inayofuata tarakimu katika namba zetu hufuata mpangilio wa kusajiliwa hapa nchini. Haifuati mwaka wa kutengenezwa. Gari lililotengenezwa Japani mwaka 2004 likikaa huko miaka 12, kisha likaingia Dar es Salaam na kusajiliwa, litapewa herufi ya siku hiyo sawa na gari jipya kabisa. Hata gari la serikali au la mradi likiuzwa kwa mnada husajiliwa upya kwa namba ya raia, nalo linaonekana kijana. Jirani zetu wa ng'ambo ya Namanga wana nafuu hapa, kwa sababu Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kutengenezwa, na Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi miaka 15 mwaka 2018. Sisi hatukuyakataza magari ya zamani, ila tumeyaongezea ushuru wa uchakavu. Basi herufi ya Mkenya inaweza kumwambia kitu kuhusu umri, lakini yetu ni tarehe ya kuzaliwa ya kibao cha namba tu. Hata hivyo sokoni namba D ina bei yake, namba C bei yake, na walanguzi wanalijua hilo kuliko sisi.

Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari inayotolewa na TRA. Mimi sikuiomba kadi siku ile. Fikiria, Mhariri: mtu anayesahihisha madaftari 60 kila jioni alitoa fedha za wenzake bila kusoma karatasi moja!

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mstaafu wa hapa kijijini. Alikataa kuja nami mchana. Alitaka twende saa 12 asubuhi bila kumwarifu mwuzaji, na tulipofika kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa baridi. Akasema vizuri, kwani injini iliyopashwa moto kabla mnunuzi hajafika huficha ugonjwa wake. Alipoliwasha, moshi wa samawati ukatoka nyuma kwa muda mrefu. Akanieleza kuwa moshi wa rangi hiyo ni oili inayoungua ndani ya silinda, mweusi ni mafuta yanayozidi, na mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji yanayoingia mahali yasipotakiwa. Akafungua kifuniko cha oili, akanionyesha utando ndani yake wenye rangi ya chai ya maziwa. Maji na oili vilikuwa vimekutana.

Kisha akaniita ndani, akaniuliza kilometa. Dashibodi ilionyesha 68,000. Hapo hesabu ilikuwa yangu. Gari la mwaka 2004 lenye kilometa 68,000 kwa miaka 20 limetembea chini ya kilometa 10 kwa siku, wakati Ngaramtoni mpaka Arusha mjini na kurudi ni zaidi ya hapo. Mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika mpaka chuma kinaonekana. Tarakimu za dashibodi hurudishwa nyuma na mafundi wasio waaminifu, lakini hakuna anayekumbuka kubadilisha mpira wa pedali. Magari ya Japani huwa na cheti kilichotolewa yalipouzwa nje, na humo huandikwa kilometa zilizosomwa huko. Mwuzaji akiwa nacho, kilinganishe. Huyu wetu alisema kilipotea.

Chini ya gari tulikuta kutu iliyopakwa rangi nyeusi mbichi. Fundi alisema magari yaliyotumika sehemu za Japani zenye theluji huoza chini kwa sababu barabara hizo humwagiwa chumvi. Mimi niliyezoea kuona vumbi na matope ya Olmotonyi nisingefikiria kuinama. Tulitaka pia kulipandisha mlima kutoka Ngaramtoni, maana gari linalopimwa kwenye lami tambarare halijapimwa. Mwuzaji akasema hana mafuta.

Lakini ubovu wa injini ungeweza kutengenezwa. Lililotukata maini ni kadi. Tulipoidai tulipewa kivuli, na kadi yenyewe tukaambiwa iko Moshi kwa shemeji. Kwenye kivuli hicho namba ya chasisi ilifanana na iliyogongwa kwenye gari, lakini namba ya injini ilikuwa nyingine kabisa. Injini ikibadilishwa, TRA wanapaswa kujulishwa ili kumbukumbu zirekebishwe. Na jina la mwenye gari halikuwa la mwuzaji. Baada ya siku chache za kuulizauliza tukaambiwa ukweli: kadi ilikuwa imefungiwa kabatini kwa mkopeshaji, rehani ya deni la mtu mwingine. Kama tungelipa zile milioni 6 zilizobaki, tungekuwa na gari la kuendesha lakini si letu, na siku yoyote mtu angekuja kulichukua mbele ya shule.

Kwa shida, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, tulirudishiwa milioni 1. Nyingine haikuonekana hadi leo.

Ndugu Mhariri, sisemi kwamba wauzaji wote ni wadanganyifu. Wapo waungwana. Ila mwuzaji mwungwana hatakasirika ukimwomba kadi halisi na kitambulisho chake, wala hatakataa kuongozana nawe mpaka TRA na kwa wakili kabla hajapokea hata senti. Kadi ikiwa na jina la benki pamoja na la mwenye gari, ujue kuna mkopo. Ikiwa na jina la marehemu, ujue kuna mirathi, na huyo anayejiita mtoto wake aonyeshe kibali cha mahakama. Faini za barabarani nazo huonekana kwenye mfumo wa polisi kwa kutumia namba ya gari, na hata simu ya jirani inatosha kutazamia.

Ombi langu kwa wahusika ni moja. Mkopeshaji wa mtaani akichukua kadi ya mtu kuwa rehani, hakuna alama yoyote inayobaki juu ya kadi ile kumwonya mnunuzi. Iwekwe sheria kwamba rehani isiyoandikishwa TRA dhidi ya namba ya gari isitambuliwe, na mnunuzi aweze kupewa jibu la maandishi kwa ada ndogo kabla ya kulipa. Ada hiyo tungeilipa kwa furaha.

Wenzangu hawakunidai, lakini niliomba mwenyewe nirudishe shilingi 50,000 kila mwezi mpaka milioni ile iishe, na mwezi huu ni wa tisa. Jumamosi ijayo tunakwenda na fundi kuona gari jingine huko Usa River. Namba yake ni B. Tumemwomba mwenye gari asiliwashe mpaka tufike.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Olmotonyi, Arusha.