Mlima Pekee Haufikishi Maji

Miradi mingi ya maji ya Nyeri, Karatina, Othaya na Nanyuki imejaliwa mteremko: maji hutekwa mitoni, juu kwenye Mlima Kenya au safu ya Aberdare, yakashuka yenyewe hadi mashambani. Ndiyo maana anayetaka bomba lipigiwe hesabu kwa kompyuta huonekana anafuja pesa za wanachama. Sikubaliani.

"Maji yakishuka, presha ipo." Ipo mifereji ikiwa imefungwa. Maji yakianza kukimbia, msuguano huila presha hiyo njia nzima. Usiku, mifereji ikifungwa, mambo hugeuka: kila mita 10 za mteremko huongeza takriban bar 1, hivyo boma lililo mita 150 chini ya tangi, bila tangi la kuvunja presha katikati, hubeba bar 15 ndani ya bomba la PN 10 lililoundwa kuhimili 10. Linaweza kupasuka. Programu huonyesha hali zote mbili kabla mtaro haujachimbwa.

"Bomba jembamba kidogo halidhuru, tena ni nafuu." Dai hili ndilo linaloumiza watu zaidi. Pitisha lita 2 kwa sekunde katika bomba jipya la plastiki. Likiwa na kipenyo cha ndani cha milimita 75, kila kilomita hula kama mita 3 za kimo cha maji. Likiwa la milimita 50, hula karibu mita 22. Kipenyo kimepungua kwa theluthi moja tu, hasara imepanda mara saba, na wanaokauka ni wa mwisho wa laini, waliolipa ada ileile.

"Programu ni za matajiri." EPANET ya shirika la mazingira la Marekani hutolewa bure tangu 1993, na laptopu ya kawaida inaitosha.

"Kompyuta ikisema, basi." Hili husemwa na wanaoniunga mkono, nalo lanitia wasiwasi. Programu hukokotoa ilichopewa. Ukiandika kipimo cha ulaini wa ndani wa bomba kuwa 150, cha plastiki mpya, kumbe chini kuna chuma cha zamani cha 100, hasara halisi inazidi maradufu ya ile ya kwenye skrini. Waliojiunganishia maji kisiri nao hawamo kwenye mchoro. Kwa hiyo fungeni geji za presha sehemu kadhaa, msome alfajiri watu wakichota na usiku wakilala, mlinganishe na programu. Tarakimu zikipishana, tafuteni uvujaji au valvu iliyofungwa nusu kabla ya kununua bomba jingine.