Kazi ya Shule Katika Chumba Kimoja



Tangu Januari 2019, serikali ilipoanza Mtaala wa Umilisi katika chekechea na gredi za kwanza, mzazi ameandikwa kazi ya pili bila mshahara. Akitoka kwa tajiri jioni anakuta kazi ya mwalimu inamngoja juu ya kitanda. Mtoto wa miaka minne au mitano ameambiwa alete vizibo vya soda, alete picha ya wanyama wa nyumbani, alete karatasi ya manila, afinyange mtu wa udongo, na mzazi atie sahihi. Wanachama wengi wamelisema jambo hili kwa uchungu, nasi twaona ni wajibu wetu kulisema hapa bila kuficha, maana liko neno la kuwaambia matajiri, na liko neno la kuambiana sisi wenyewe.

Kwanza tutazame mahali tunapokaa. Landi za reli hapa Muthurwa zilijengwa zamani za ukoloni ili watu wa reli walale karibu na kazi. Chumba kilipimwa kwa mwanamume mmoja, na mshahara ukapimwa vivyo hivyo: chakula chake, blanketi lake na sabuni kidogo. Mkewe na watoto walidhaniwa wako shambani wanajilisha. Katika mgomo wa Mei 1950, ulioanza baada ya Makhan Singh na Fred Kubai kukamatwa, wafanya kazi wa Nairobi walidai mshahara usiopungua shilingi 100 kwa mwezi. Mwaka 1954 Kamati ya Bwana Carpenter, iliyowekwa na serikali ile ile ya wakoloni, ikakiri kwamba mshahara wa mtu mmoja haumtoshi mwenye mke na watoto, ikashauri upandishwe hatua kwa hatua.

Mishahara imepandishwa mara nyingi tangu siku hizo, lakini ukuta wa chumba haujasogea. Wakaaji wa landi walipewa notisi watoke mwaka 2010, nyumba nyingine zikabomolewa, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikasema haki zao zilivunjwa. Wengi wetu tumehamia vyumba vingine vya jirani, navyo ni chumba kimoja vile vile. Humo ndimo daftari la mtoto linamofunguliwa, kati ya jiko na kitanda, redio ya jirani ikipenya ukutani, na nje makanga wakiita abiria kwenye stendi ya soko lililofunguliwa mwaka 2008. Meza hakuna. Mtoto anaandika juu ya kigoda au juu ya kreti iliyopinduliwa, na stima ikikatika kazi imekwisha.

Hatusemi kwamba mtaala huu ni mbaya. Kumtaka mtoto ashike vitu kwa mikono yake, badala ya kukariri kama kasuku, ni jambo jema. Tunachosema ni kwamba aliyeupanga hakukiona chumba chetu. Elimu ya bure katika shule za msingi ilitangazwa mwaka 2003, lakini manila haikuwamo, wala rangi, wala pesa za kuchapisha picha pale saiba. Kamati ya Profesa Raphael Munavu, iliyoundwa na Rais mwezi Septemba 2022, ilizunguka nchi na malalamiko hayo hayo ya gharama yakatolewa mbele yake. Mwalimu naye si adui yetu. Ana darasa limejaa na vitabu havitoshi, naye ni mfanya kazi kama sisi.

Sasa neno letu wenyewe. Wako ndugu wanaosema, “Mimi nimelipa, kufundisha ni kazi ya mwalimu,” na daftari halitazami hata siku moja. Wako wengine ambao kwa kuogopa aibu humfanyia mtoto kazi yote. Kaka yake wa gredi ya saba anachora ng’ombe mzuri mwenye kivuli na pembe, mwalimu anampa alama kaka, na yule mdogo hajui hata kushika kalamu. Sisi twaona wa pili amemdhuru mtoto kuliko wa kwanza. Ng’ombe mbaya aliyechorwa na mtoto mwenyewe, hata kama ana miguu sita, ndiye ng’ombe wa kupeleka shuleni.

Mtoto wa chekechea hahitaji mzazi msomi. Twalisema hili kwa ajili ya mama zetu wanaouza Marikiti na Gikomba, ambao hujiona hawana la kusaidia kwa kuwa hawajui Kiingereza. Tangu ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976, shauri la nchi hii limekuwa kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali pale, na mjini penye makabila mengi Kiswahili ndicho kinachofaa. Mtaala wa sasa nao umelishika shauri hilo. Basi Kiswahili cha mama anachokijua vizuri, au lugha ya kwao, kinamfaa mtoto kuliko Kiingereza cha kuokota barabarani. Amwulize: Leo mlifanya nini? Nani alilia? Mwalimu aliwaimbisha wimbo gani? Mtoto anayepanga maneno yake na kueleza jambo toka mwanzo hata mwisho amekwisha anza kusoma.

Na hesabu, ni wapi iko tele kuliko hapa petu? Mtoto ayapange mafungu ya nyanya, aseme ni mangapi. Mnunuzi akichukua mawili, yamebaki mangapi? Gorogoro ngapi zimeingia katika gunia? Chenji ya shilingi 50 ni kiasi gani? Namba ya matatu ile ni ipi? Maandishi juu ya magunia na mabasi ni kitabu kisichonunuliwa. Vizibo vya soda havina bei. Kumi vikitiwa katika mkebe vinatosha kwa hesabu za mwaka mzima. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kukaa karibu, mtoto amsomee, naye asikilize. (Redio izimwe kidogo, hata kama ni siku ya mpira.)

Kiboko kikae mbali na daftari. Mtoto wa miaka mitano akikaa robo saa amefanya kazi ya mtu mzima. Akisinzia, alazwe, na mzazi amwandikie mwalimu maneno mawili kwamba mtoto alichoka.

Twaona pia kila safu ya vyumba yaweza kuchagua chumba kimoja chenye taa nzuri, watoto wakusanywe humo saa moja jioni, mmoja wa wazazi ambaye hayuko zamu awaangalie. Wapo wazee wastaafu waliofanya kazi ya maandishi miaka mingi, nao watafurahi kuombwa.

Lakini yote hayo yanataka mzazi awepo nyumbani, na hapa ndipo tunapogeuka kumtazama tajiri. Amri ya jumla ya mishahara inasema juma la kazi lisizidi saa 52 katika siku sita. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mfanya kazi siku 21 za livu kwa mwaka, mama aliyejifungua miezi mitatu, na baba majuma mawili. Mtoto akiisha kupata meno, sheria haina tena saa ya kumpa mzazi wake. Mwalimu akiita wazazi siku ya Jumatano saa nne asubuhi, askari aliyekesha zamu huja akisinzia, na mwanamke wa kiwandani hukatwa mshahara au haji kabisa. Halafu husemwa kwamba wazazi wa Eastlands hawajali shule!

Shirika la Kazi la Dunia lilitoa mwaka 1981 Mkataba namba 156 juu ya wafanya kazi wenye mzigo wa jamaa, kwa hivyo hatuombi kitu kisichosikika duniani. Twataka katika kila mapatano kiwekwe kifungu hiki: mzazi mwenye mtoto wa chekechea au wa gredi ya kwanza hadi ya tatu apewe nusu siku kila muhula, kwa mshahara wake, aende shuleni. Mihula ni mitatu. Jumla ni siku moja na nusu kwa mwaka. Tajiri atakayesema jambo hilo litamfilisi na atuonyeshe vitabu vyake vya hesabu.

Vibarua na wavuta mikokoteni hawana mapatano ya kutia kifungu. Kwa ajili yao iombwe shule ifanye mikutano Jumamosi alasiri.

Mapatano mengi hufanywa upya kila miaka miwili. Wajumbe wa matawi waanze sasa kuandika majina ya wanachama wenye watoto wa umri huo na saa za zamu zao, ili tukikaa mezani na matajiri tuwe na orodha mkononi. Barua ya kwenda kwa mwalimu mkuu iandikwe kwa Kiswahili cha adabu, na itiwe sahihi na wazazi wengi pamoja, si mmoja mmoja.