Uchungu wa Kushindwa Debeni

Mgombea akianguka katika uchaguzi, huzuni huingia hata katika nyumba za watu ambao hawajawahi kuonana naye. Chama, kabila na eneo hushikamana na nafsi ya mpiga kura, hivyo kambi yake ikishindwa huona amekataliwa yeye. Watafiti waliochunguza hali ya Wamarekani baada ya uchaguzi wa 2012 waliona furaha ya walioshindwa ikishuka sana, ilhali ya washindi haikupanda kwa kiasi hicho. Unyonge huo ulififia baada ya wiki moja hivi. Lakini huko mgombea aliyeanguka, Mitt Romney, alikuwa amekiri kushindwa kabla hakujapambazuka.

Kenya mambo ni mengine. Raila Odinga aligombea urais mara 5 kati ya 1997 na 2022 bila kutangazwa mshindi, na wengi wa wafuasi wake waliamini kura zao zimeibwa. Aliyeshindwa huomboleza; anayeamini ameibiwa hudai chake, na hawezi kuanza kuomboleza kabla dai halijasikilizwa. Baada ya uchaguzi wa mwishoni mwa 2007 upinzani ulikataa kwenda mahakamani kwa kuwa haukuziamini mahakama. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata, ingawa ghasia hizo zilikuwa na mizizi mingine ya zamani, hasa ardhi.

Katiba ya 2010 iliweka njia: malalamiko ya urais hupelekwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 7, nayo huamua ndani ya siku 14. Muda huo una kazi ya kihisia ambayo wanasheria huitaja kwa nadra: hasira hupata pa kwenda, na tarehe ya mwisho hujulikana. Mahakama ilipobatilisha uchaguzi wa urais mwaka 2017, ilidhihirika kuwa kwenda huko si kupoteza wakati. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Odinga, huku makamishna 4 kati ya 7 wa tume ya uchaguzi wakiyakana matokeo. Fomu 34A za matokeo ya vituo vya kura zilikuwa tayari mtandaoni, na mwenye shaka aliweza kujumlisha mwenyewe. Septemba 5 majaji wote waliuidhinisha ushindi huo. Odinga alisema anaiheshimu mahakama ingawa hakubaliani nayo, na kauli hiyo iliwapa wafuasi wake ruhusa ya kuumia bila kupigana.

Ruhusa hiyo ndiyo hukosekana katika wito wa kukubali yaishe, uliovuma sana baada ya uchaguzi wa 2013. “Asiyekubali kushindwa si mshindani” ni methali ya kweli, ila husikika zaidi vinywani mwa walioshinda, na kwa aliyeanguka ni sawa na kuambiwa anyamaze. Kuzima redio na simu kwa siku chache, na kuzungumza na wenzake walioumia, humsaidia zaidi. Akikosa usingizi kwa majuma, amwone mshauri nasaha.

Kuna pia nafuu iliyomo katika karatasi za kura zenyewe. Mkenya hupiga kura 6 siku moja, na mwaka huohuo wa 2022 chama cha Odinga, ODM, kilitwaa ugavana wa Kisumu, Homa Bay na Mombasa. Zahanati na masoko viko chini ya kaunti, na huko mpiga kura wa ODM alikuwa na gavana wake wa kumdai.