Kolwezi–Kinshasa: masaa mawili ya nani?

Wakubwa wakishuka uwanja wa ndege wa Kolwezi hupenda kusema Kinshasa si mbali. Kwa hesabu yao ni kweli. Kwa mstari wa hewani ni karibu kilomita 1,300, na ndege kubwa isiyotua njiani inazimaliza kwa masaa mawili hivi. Tena saa ya Kinshasa iko nyuma ya saa ya Lualaba kwa saa moja, hivyo abiria anashuka akiona kama ametumia saa moja tu.

Lakini masaa hayo ni ya mwenye tiketi. Mwalimu wa Manika, mama muuza samaki wa Dilala, mchimbaji mdogo anayetafuta karatasi zake mji mkuu, wao wanapima Kinshasa kwa siku, na mvua ikinyesha, kwa majuma. Barabara ya Taifa namba 1 ipo kwenye ramani: Lubumbashi, Likasi, Mbuji-Mayi, Kananga, Tshikapa, Kikwit, Kinshasa. Ukifika Kasai, ramani inabaki na barabara inageuka mchanga na matope. Reli nayo ilifika Ilebo mwaka 1928, na kutoka hapo msafiri hushuka mto kwa mashua. Karibu miaka mia imepita, na reli haijasogea kuelekea Kinshasa.

Watatokea wa kusema inchi ni kubwa, mito ni mingi, pesa ni kidogo. Basi waangalie shaba. Dar es Salaam na Durban zote ziko mbali na Kolwezi kuliko Kinshasa, lakini malori ya shaba na kobalti yanafika. Reli ya kwenda Lobito iliunganishwa na ya Katanga mwaka 1931, na leo inatafutiwa mamilioni ya dola. Desemba 2024 Rais wa Marekani Joe Biden alikwenda mwenyewe Lobito kwa ajili yake. Jiwe la Lualaba lina njia tatu za kufika baharini. Mtu wa Lualaba hana hata moja ya uhakika ya kufika mji wake mkuu.

Pesa hazikosekani. Sheria ya migodi ya 2018 inagawa redevansi hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% miji na sekta zenye migodi, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Barabara ya taifa ni kazi ya serikali kuu, na hiyo ndiyo inayobeba nusu.

Kwa hiyo wabunge wa Lualaba, wanaokwenda kikaoni kwa ndege, waulizwe jambo moja kila wanaporudi: bajeti ya mwaka huu imeweka kiasi gani kwa barabara ya Kasai, na mabehewa mangapi ya abiria? Wasipokuwa na jibu, wasiwaambie tena wakaaji wa Kolwezi kwamba Kinshasa iko karibu.