Hesabu za Mwala zikae Mwala

Kila Jumamosi jioni, watu 26 wa kikundi chetu cha wakulima wa maembe hapa Mwala, Machakos, huingia shambani kuhesabu nzi. Mtego wenyewe ni kopo la plastiki lililotobolewa matundu na kuning'inizwa mwembeni, na ndani yake mna kipande kilicholoweshwa methili eugenoli, dawa inayowavuta nzi dume wa matunda. Unafungua kifuniko, unawamwaga wafu kwenye gazeti kuukuu, unawahesabu kwa ncha ya kijiti, unapiga picha, unatuma namba. Namba ikiwa ndogo wiki mbili mfululizo, unalala usingizi. Ikipanda ghafla, majirani wanapaswa kujua usiku huo huo, kwa maana nzi hana habari na ua wa mtu.

Hesabu hiyo ni riziki. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kuuza maembe katika Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi huyu, na haikurejea soko hilo hadi 2021. Siku hizi mnunuzi anayejua kazi yake hatazami embe peke yake. Anataka kuona rekodi ya mitego.

Rekodi yetu ya misimu mitatu ilikuwa kwenye ukurasa wa jukwaa moja kubwa la kigeni. Asubuhi moja mwaka 2023 tukakuta ukurasa umefungwa. Tuliambiwa tumekiuka kanuni. Kanuni gani, hatukuambiwa. Nikakata rufaa mara mbili, nikajibiwa mara mbili kwa maneno yale yale. Mwenyekiti wetu, mzee aliyepita miaka 70, akatembea hadi dukani kwangu sokoni, akavua kofia, akaniuliza: "Mwaitu, namba zetu ziko wapi?" Mimi ndimi fundi wa simu wa kikundi. Mimi ndimi niliyewaambia wazee tuziweke kule, ni bure, hazitapotea. Nilimpa kiti, sikuwa na jibu.

Zile za zamani hazikurudi mpaka leo. Lakini kila namba tangu Januari 2024 ninaweza kumwonyesha mzee kwa kidole: iko kwenye rafu ya juu dukani, kando ya chaja, ndani ya kompyuta inayotosha kiganjani. Ni Raspberry Pi 3 niliyoinunua ikiwa imetumika, yenye memori ya gigabaiti 1. Inakula wati chache tu, na umeme wake unatoka kwenye betri ile ile ya sola ninayochajia simu za wateja. Stima ikipotea sokoni, yenyewe haina habari. Kwa kuwa laini za intaneti za kawaida hazina anwani ya umma, tumekodi kijisehemu cha seva Nairobi kiwe lango letu, na jina letu linaishia na .ke. Gharama inakaribia shilingi 500 kwa mwezi. Kila mwanachama anachanga 20.

Wajuzi wataniuliza mbona si Mastodon, programu ya mtandao wa kijamii aliyoianzisha Eugen Rochko huko Ujerumani mwaka 2016. Nilianza nayo. Ni kazi nzuri na naiheshimu, ila inataka hifadhidata ya PostgreSQL, inataka Redis, inataka vibarua kadhaa wanaofanya kazi nyuma ya pazia kwa wakati mmoja, na picha za watu wa mbali inazinakili kwako hadi diski ifurike. Kompyuta yangu ilihema kama punda wa maji aliyebebeshwa madebe ya punda wawili. Siku ya nne nikaiondoa, nikaweka snac.

Programu hii imeandikwa kwa lugha ya C. Haitaki hifadhidata yoyote: kila ujumbe ni faili moja ndani ya folda. Kurasa zake hazina JavaScript, kwa hivyo simu kongwe ya mama wa mboga inazifungua bila kukwama. Mwenye kikundi kikubwa zaidi anaweza kutazama GoToSocial, iliyoandikwa kwa lugha ya Go, nayo si nzito. Zote tatu husikilizana kwa sababu zinafuata kanuni moja, ActivityPub, iliyoidhinishwa na jumuiya ya W3C Januari 2018. Mfano wake ni posta: mwenye sanduku Masii humwandikia mwenye sanduku Berlin, na barua inafika, ingawa hakuna posta moja inayowamiliki wote wawili. Akaunti ya kikundi chetu inafuatwa na watu ambao seva zao sizijui ziko nchi gani.

Nimetaja uzito wa programu kwa sababu ndio msingi wa hoja yangu. Programu nzito humkabidhi uamuzi mwenye mashine kubwa. Ukihitaji seva ya bei ghali na mhandisi wa mshahara, mwisho wa safari utarudi kwa tajiri aliye mbali umwombe akuhifadhie mambo yako, na siku akikufungia utabaki umesimama kama nilivyosimama mbele ya mzee wangu. Programu inayotosha kwenye rafu ya fundi wa simu inamilikiwa na fundi wa simu na majirani zake. Ikiharibika naifungua, naisoma, naona penye shida.

Kuna waliowahi kuona faida ya majirani kupashana habari kabla yetu, kwa njia yao. Mwaka 2012 chifu wa Lanet Umoja kule Nakuru, Francis Kariuki, alivuma duniani kwa kulinda lokesheni yake kupitia Twitter. Wezi walivamia nyumba ya mwalimu saa kumi alfajiri, chifu akatuma ujumbe, majirani wakatoka, wezi wakatimua mbio. Kilichoifanya kazi yake ifike kwa mkulima wa kawaida ni kwamba ujumbe wa Twitter ulipokelewa pia kwa SMS, kwenye simu isiyo na intaneti. Chifu Kariuki alifariki 2015. Aprili 2020 kampuni ikazima huduma hiyo ya SMS katika nchi nyingi. Oktoba 2022 Elon Musk akainunua kampuni kwa dola bilioni 44, na mwezi uliofuata wafanyakazi wa ofisi yake ya Afrika, Accra, wakaachishwa kazi. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyojadiliwa katika baraza la Lanet Umoja. Chifu alikuwa amegundua dawa, chupa ikawa ya mtu mwingine.

Tena kuna suala la njia ambayo ujumbe unapitia. Wazee wa teknolojia Nairobi wanakumbuka enzi ambapo barua pepe ya kutoka ofisi moja kwenda ofisi ya ng'ambo ya barabara ilipanda setilaiti, ikazunguka ughaibuni, ndipo ikarudi. Kituo cha KIXP kilianzishwa Novemba 2000 ili data ya Wakenya ibadilishanwe hapa nyumbani. Mdhibiti akakifunga baada ya muda mfupi, kikarejea Februari 2002 baada ya wadau kukipigania. Nililielewa pambano hilo Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikazorota kote Afrika Mashariki. Wateja wangu walisimama dukani wakiinua simu juu kama wanaotafuta mawingu. Namba za mitego zilikuwa zikiingia kama kawaida. Kutoka Mwala hadi Nairobi hakuna bahari.

Sitaki mtu asome haya akadhani ni kuchomeka waya na kwenda kulala. Mvua za Novemba mwaka ule zilitia unyevu kwenye kiungio cha betri, kompyuta ikazimika na kuwaka mara nyingi usiku mmoja, kadi ya memori ikafa. Tulipoteza hesabu za siku tisa. Niliwapigia wanachama simu mmoja mmoja, na asante kwa wale ambao bado huandika kwenye daftari, tukazijaza upya. Tangu hapo data inakaa kwenye diski ndogo ya SSD, na kila usiku saa sita folda nzima inanakiliwa Nairobi. Hapo ndipo ule wepesi unalipa: kunakili folda kila fundi anajua.

Kadhalika, snac ukiipokea ilivyo, hujaribu tena kwa idadi maalumu kutuma ujumbe ambao haukufika, kisha inaachana nao. Idadi hiyo inafaa mahali ambapo mtandao hukatika kwa dakika. Sisi hukatikiwa hata siku nzima. Nikafungua faili ya mipangilio nikaongeza idadi ya majaribio na muda kati yake, tukaacha kupoteza ujumbe. Mistari miwili tu. Nilijisikia kama siku ya kwanza nilipobadilisha kioo cha simu na kikawaka.

Na kuna hatari ya kuwa mdogo halafu ukazembea. Februari 2024 wimbi la taka liliukumba mtandao huu wa shirikisho, yaani seva hizi zinazosikilizana, likipitia seva ndogo ambazo wenyewe walikuwa wameziacha huku mlango wa usajili ukiwa wazi. Wahuni waliingia humo wakafungua akaunti na kuwamwagia uchafu wengine. Kwetu hakuna anayejisajili mwenyewe. Akaunti naifungua mimi, mtu akiwa mbele yangu. Matuta yetu ya fanya juu yanafundisha jambo lile lile. Mwethya, yaani kikundi cha kazi ya pamoja, ukishachimba na kutupa udongo juu, kazi haijaisha, kwa kuwa kila mvua ikipita kuna mahali pamebomoka, na asiyerudi na jembe atapoteza shamba na kumharibia aliye chini yake.

Mwaka huu nimeanza kuitafsiri snac kwa Kiswahili. Maneno yake yamo katika faili moja kwa kila lugha, na mtu yeyote anaweza kuandika yake na kuipeleka kwa watunzaji. Nilidhani ni kazi ya wikendi moja. Tulikwama kwenye kitufe cha kuusukuma mbele ujumbe wa mtu mwingine ili wanaokufuata wauone. Niliandika "sambaza". Mweka hazina akakataa: kwa Mkenya, sambaza ni kumtumia mtu salio la simu, na akina mama watakiogopa kitufe wakidhani kitawakata pesa. Mwingine akapendekeza "vumisha". Mzee akasema hapana, hilo lina harufu ya uvumi. Tukakubaliana "eneza". Kisha kikaja kitufe cha kutomsikia mtu. Nilikuwa nimeandika "nyamazisha", na kijana mmoja akauliza kwani yule mtu ananyamaza? Hanyamazi. Anaendelea kusema, wewe tu ndiye huoni. Kitufe kikaitwa "ziba masikio". Mjadala huo ulichukua alasiri nzima chini ya mwembe wa mzee, na kila aliyekuwepo sasa anajua vitufe hivyo hufanya nini, jambo ambalo sikuweza kuwafundisha kwa miezi.

Nikitazama vituo vya kidijitali vinavyofunguliwa katika wadi zetu, naona vijana wakifundishwa kuandika kwa kompyuta na kutafuta vibarua vya mtandaoni kwa kampuni za mbali. Sivibezi, vinaleta unga. Lakini kijana anayeweza kuhariri data ya mtu wa California anaweza pia kulea seva ya maji ya Kibauni, ya Sacco ya Masii, ya wachongaji wa Wamunyu. Naiomba kaunti ya Machakos iweke somo hilo moja: kusimamisha seva nyepesi, kuinakili, kuirejesha ikifa. Na ninawaomba machifu, bodi za maji na shule za umma matangazo yao yaanzie kwenye jina lao wenyewe linaloishia na .ke, mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuyafuata kutoka seva yoyote, kisha wakipenda wayapeleke pia kwenye majukwaa makubwa. Kwa sasa tunafanya kinyume, na tangazo la maji ya umma linasomwa kwa hisani ya kampuni ambayo haijui Mwala iko wapi.

Wapo wanaoniambia WhatsApp inatosha. Hatujaiacha, ndiko tunakopashana habari za matanga na michango. Ila kumbukumbu inayokaa ndani ya simu huondoka na simu, na mimi nazikarabati kila siku, najua zinavyokufa. Rekodi ya mitego ni lazima ionekane na mnunuzi, na afisa wa kilimo, na mtoto wa mwanachama atakayerithi miembe ya ngowe miaka 20 ijayo.

Swali la mwisho aliniuliza mzee mwenyewe, kwa upole, kama wazee wanavyouliza mambo haya: nikiondoka mimi, itakuwaje? Nimeandika nywila zote kwa mkono, zimo ndani ya bahasha katika sanduku la chuma la mweka hazina, chini ya kitabu cha benki. Na Jumapili iliyopita nilimpa kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana kompyuta tupu na nakala ya usiku uliotangulia, nikakaa kwenye stuli na mikono yangu mapajani. Alikosea njia ya folda mara moja, akagundua mwenyewe. Ilimchukua dakika 40. Ukurasa ulipofunguka, juu kabisa palikuwa na mtego namba 7, wa shamba la mzee: nzi 12, na picha ya gazeti.