Twiga wa Malindi Hajulikani Mkuu



Nimelisikia tena, safari hii katika kikao cha wazazi hapa Mkuu, lile swali ambalo kila likiulizwa hupigiwa makofi: "Mtoto wa Rombo, historia ya China ya nini?" Muulizaji alikuwa ameshika simu iliyotoka huko huko China. Nilinyamaza kwa heshima ya mvi zake. Leo sinyamazi.

Mzee yule hakukataa Kichina. Alikitaka, tena kwa ajili ya biashara, na ni kweli kwamba lugha hiyo sasa inasomeshwa katika baadhi ya sekondari zetu. Siipingi. Ninachopinga ni kumfundisha kijana salamu na hesabu za bei pasipo kumwambia anayemsalimu ametoka wapi. Huko ni kulea wakalimani wa dukani.

Mwaka 1414 mfalme wa Bengali alimpelekea mtawala Yongle wa China twiga. Shen Du, mwandishi hodari wa hati wa baraza lile, akamtungia sifa, zikaandikwa juu ya picha ya mnyama huyo. Mwaka uliofuata wajumbe wa Malindi wakamfikisha twiga mwingine. Wachina walimwona kuwa ni qilin, mnyama wa heri wa masimulizi yao. Baadaye merikebu za Zheng He zikafika pwani yetu zenyewe. Tazameni basi: mnyama wa nyika zetu aliingia katika ushairi wa Kichina miaka mia sita iliyopita, na sisi tunaojiita warithi wa washairi wa pwani hatumtaji darasani! Bakuli za kauri zilizopachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi zinatushuhudia, na hata neno chai tunalolitamka kila asubuhi lina asili yake huko.

Jiografia nayo tunaiua kwa kukaririsha. Mwanafunzi hutajiwa Huang He na Yangtze, akapewa urefu wa kila mto, akajibu mtihani, akasahau. Kwa nini asianzie kwenye mfongo? Wachagga walichonga mifongo mlimani kugawa maji kwa zamu, na ukoo ulioshindwa kuja kuusafisha ulijua utaulizwa. Huko Sichuan, yapata mwaka 256 kabla ya Kristo, liwali Li Bing aliugawa mto Min pasipo kuuziba kwa bwawa. Matenga ya mianzi yaliyojazwa mawe yaliyakata maji mapande mawili, moja la mto, moja la mashamba. Kazi hiyo, Dujiangyan, ingali ikinywesha mashamba hadi leo. Mtoto ambaye babu yake alishika jembe kwenye mfongo angeielewa kwa dakika tano.

Lakini haielewi, kwa kuwa akifika sekondari jiografia inamjia kwa Kiingereza. Anaandika neno la kigeni la umwagiliaji kwa herufi sahihi, na hata siku moja halikutani kichwani mwake na mfongo wa kwao. Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo hasa. China ya kitabuni ni mbali kwa sababu ya lugha kuliko kwa sababu ya bahari.

Wapo watakaoninong'oneza kwamba nawapigia Wachina debe. Hasha. Sitaki somo la sifa tupu. Anayefundisha reli ya TAZARA, kilomita 1,860 zilizojengwa kati ya 1970 na 1975, ayataje makaburi ya Wachina pale Gongo la Mboto, aeleze pia kuwa reli ile ilikuwa mkopo, hata kama haukuwa na riba. Anayemtaja Mao aitaje njaa ya 1959 hadi 1961, iliyoua mamilioni ya wakulima, ili mwanafunzi ajue kinachotokea pale taarifa za mavuno zinapopikwa kumfurahisha mkubwa. Wakulima wa kahawa wa Rombo hawatahitaji tafsiri ya jambo hilo.

Mwezi uliopita niliwapa Kidato cha Pili kazi ya kumtungia shairi twiga wa Malindi, vina na mizani kamili. Msichana mmoja wa nyuma akainua mkono: melini alilishwa majani ya mti gani? Nikamwambia ubeti huo autunge yeye.