Wati si nguvu ya kufyonza, na mimi nilijua

Kama ulinunua mashine ya kufyonza vumbi juu ya video yangu ya Aprili, hii ni yako. Ile yenye nilimwaga unga wa ugali kwa zulia, nikapitisha vakyumu mara moja, zulia likabaki safi kabisa, nikasema "wati 2000, vumbi litahama lenyewe." Mlicheka, mkaituma kwa magrupu ya familia. Duka lilinilipa thao kumi na tano na kuniachia mashine.

Wiki tatu baadaye mama mmoja wa Kitengela akaniandikia. "Kijana wangu, ile mashine ya video yako, mifuko yake inauzwa wapi? Hii imejaa. Na mbona nikiiwasha mtoto anakohoa zaidi?" Mtoto wake ana pumu. Alikuwa amepokea zamu yake ya chama, na badala ya kujinunulia kitu akanunua hiyo. Nilisoma nikafunga simu. Nilimjibu baada ya siku nne, na sina sababu yoyote ya hizo siku nne isipokuwa aibu.

Kwa sababu nilijua. Niliacha chuo mwaka wa pili, mnaijua hiyo stori, lakini nilikuwa nasomea uhandisi wa stima, na wati ni mambo ya wiki ya kwanza. Wati 2000 inakuambia mashine inakula stima kiasi gani. Iwashe nusu saa, imekula uniti moja ya tokeni, basi. Haikuambii inavuta vumbi kiasi gani. Kuvuta kunategemea feni, na njia ya hewa kutoka mdomoni hadi kwa filta, na kama kuna mahali hewa inavuja njiani. Bomba likivuja, hizo wati zote zinakupigia kelele tu.

Ulaya walishachoka na huu mchezo wa namba kubwa kwa boksi. Kuanzia Septemba 2014 Umoja wa Ulaya haukuruhusu mashine mpya za nyumbani zifike wati 1600, na Septemba 2017 wakashusha hadi 900. Mazulia yao bado yanasafishwa. Lakini kuna kisa kingine cha hukohuko kinachonichoma mimi binafsi. Dyson walienda kortini kupinga lebo ya Ulaya ya mashine hizi, wakisema vipimo vyake vinafanywa mashine ikiwa tupu, bila vumbi ndani, na hakuna mtu anatumia mashine hivyo nyumbani. Novemba 2018 korti ikakubaliana nao, na kanuni ya ile lebo ikafutwa.

Sasa rudi kwa video yangu. Mfuko mpya, filta mpya, unga mkavu uliokaa juu ya zulia. Unga wa ugali hata mtoto akipuliza unatoka! Vumbi la Kitengela halikai juu, linakanyagwa mwezi mzima hadi chini ya manyoya ya zulia, na kadiri mfuko unavyojaa na filta kuziba, ndivyo mashine inavyochoka. Mimi nilipima mashine tupu nikawaambia ni kazi safi.

Ningefanya hiyo video tena leo, ningeanza kwa kuuliza kama unaihitaji. Wengi wenu mko kwa bedsitter yenye tiles na zulia moja dogo mbele ya kitanda. Msee wangu, ufagio na kupiga deki. Tambara lenye maji linashika vumbi badala ya kulirusha hewani, na hilo zulia unalitoa nje ulipige na fimbo. Nimetumia mashine ya bure miezi miwili kwa keja yangu, na ukweli ni kwamba imefanya kazi ya maana kwa kochi tu.

Kama nyumba ni kubwa, zulia ni la ukuta hadi ukuta, au kuna mtu wa pumu, basi sikiliza. Kitu cha kwanza kuangalia ni nyuma, kule hewa inatokea. Mashine inafyonza hewa na lazima hiyo hewa itoke mahali. Filta ikiwa ni sponji tu, mchanga unabaki ndani na lile vumbi laini, lenye linaumiza mtu wa pumu, linarudi kwa chumba likiwa limepewa mwendo. Nadhani ndicho kilichomfanyikia yule mtoto, ingawa mimi si daktari. Filta ya HEPA ya kweli huwa na daraja lake. H13, kwa mfano, ni ya kushika angalau asilimia 99.95 ya chembe ndogo. Ukiona tu "mfano wa HEPA" bila daraja, hiyo ni mapambo. Na hata filta nzuri haisaidii kama mfuniko wake haufungi vizuri.

Halafu muulize muuzaji swali la huyo mama kabla hujalipa: mifuko na filta za hii nitapata wapi? Akisema "hizo zinapatikana kila mahali," mwambie akuuzie tano saa hiyo hiyo. Utaona uso wake. Zenye kopo badala ya mfuko zinakuokoa hapo, ila kopo limwage nje, polepole, na mtu wa pumu asiwe karibu.

Zile ndogo za betri ni tamu kwa gari na ngazi, lakini dakika zilizoandikwa kwa boksi mara nyingi ni za mwendo wa chini kabisa. Na kama nyumbani kuna watu wa braids, jueni nywele zote zitajisokota kwa ile burashi ya kuzunguka. Nunua yenye burashi inatoka bila kuita fundi. Zulia la manyoya marefu, lile la Eastleigh kila mtu analo, halitaki burashi hiyo kabisa. Litaliwa.

Basi, yule mama. Nilishinda Luthuli Avenue karibu Jumamosi nzima na mfuko wake mfukoni, nikiingia duka hadi duka. Nilipata moja inafanana, lakini ile karatasi ngumu ya mdomo ilikuwa kubwa kidogo, haikuingia. Nilimpigia nikamwambia ukweli wote, pamoja na pesa niliyolipwa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sasa mwanangu, si ungeniambia mapema." Nikamwomba angalau atoe zulia kwa chumba cha mtoto, adeki sakafu na maji, na asiiwashe mtoto akiwa ndani. Akasema zulia alikuwa ameshalitoa.

Video nimeifuta. Duka linasema mkataba ulikuwa ikae miezi sita na wanataka thao kumi na tano zao. Niko na saba.